Udongo wenye sumu kando ya Msimbazi: kuusomba, kuufunika au kuutibu palepale?

Februari niliitwa Vingunguti, Dar es Salaam, na ndugu wanne walioachiwa yadi na marehemu baba yao. Eneo ni robo eka hivi. Geti linatazama barabara ya vumbi, ukuta wa nyuma unatazama Mto Msimbazi. Kwa miaka mingi mzee aliipangisha yadi ile, kwanza kwa gereji ya malori, baadaye kwa vijana waliokuwa wakipasua betri chakavu ili kutoa madini ya risasi. Sasa wapangaji wote wameondoka na watoto wanataka kujenga vyumba vya kupangisha. Shangazi yao, ambaye ndiye neno lake linasikilizwa pale, alinikuta getini hata vifaa sijashusha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, huu udongo si tukodi tipa tuusombe tu, yaishe?"

Kazi yangu ni kupima udongo, na swali hilo nimeulizwa na wenye yadi za Tabata, Buguruni na Kigogo kuliko swali lingine lolote. Wengine huja na la pili: kwa nini tusimwage zege juu, tukajenga? Wachache wamesikia kwamba kuna udongo unaoweza kutibiwa kwa mbolea, wanataka kujua kama ni kweli. Njia zote hizo zipo, na kila moja ina mahali pake. Ila haifai kuchagua kwa kuuliza bei ya tipa kwanza. Anza na sumu yenyewe, kisha utazame mto, bei ije ya tatu.

Sumu mbili ndani ya ukuta mmoja

Tulichimba mashimo tisa. Shimo la nne lilikuwa pale malori yalipokuwa yakimwaga oili. Sentimita 20 za juu zilikuwa kifusi chekundu cha kujazia. Chini yake likaja tabaka jeusi linalong'aa, linalonuka oili ya gia hadi kichwa kinauma. Kwenye sentimita 90 udongo ukageuka kijivu, na tulipofika mita 1.4 maji yakaanza kuchuruzika polepole kutoka ubavu wa shimo, juu yake utando wa rangi za upinde wa mvua. Ndugu wote wanne walirudi nyuma, mmoja akafunika pua.

Shimo la saba, karibu na ukuta wa mto, halikuwa na harufu wala rangi ya ajabu. Udongo wa kahawia tu, vipande vya plastiki nyeusi ya maganda ya betri, na chembechembe nyeupe kama chokaa iliyokauka. Mdogo wao akasema, "Huku afadhali." Nikamwomba asimame mbali na anawe mikono kabla hajagusa simu yake. Hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko kote.

Madini ya risasi hayanuki. Yanaingia mwilini kwa vumbi na kwa vidole vya mtoto anayecheza chini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 katika mtaa ambao watu walikuwa wakichekecha udongo wa betri kutafuta risasi. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichojengwa ukuta kwa ukuta na nyumba zao, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo wao usafishwe. Ninayataja haya kila ninapokwenda kwa sababu mwenye yadi huogopa kinachonuka, halafu kisichonuka anakijengea chumba cha watoto.

Tofauti ya sumu hizi mbili ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Mafuta yametokana na viumbe, kwa hiyo wapo bakteria wanaoyala na kuyamaliza. Risasi, kromi, kadimi na wenzao, ambao siku hizi wataalamu wetu huwaita madini tembo, hawaliwi na chochote wala hawaozi. Unaweza kuwahamisha, kuwafunika, au kuwafunga wasitembee. Kuwaangamiza huwezi.

Kuusomba

Faida yake haina ubishi: sumu ikitoka imetoka. Mnunuzi wa kesho atapumua, na hutakuwa na kitu cha kulinda chini ya sakafu miaka yote. Kwa mfuko mdogo wa risasi, yaani sehemu moja ya udongo ilipojikusanya kwa wingi, hii ndiyo njia ninayoitetea.

Lakini tufanye hesabu ya yadi nzima, kama tulivyoifanya na shangazi kwa kijiti chini ya mwembe. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Ukichimba mita moja una mita za ujazo 1,000, sawa na tani 1,700 hivi. Tipa la tani 20 litakwenda safari 85. Halafu shimo litahitaji kujazwa udongo safi, safari nyingine kama hizo kurudi. Safari 170 kwenye barabara ya mtaa, mbele ya shule na genge la mboga, na kila tipa lisilofunikwa turubai linamwaga vumbi njia nzima. Ukichimba chini ya usawa wa maji, gharama inapaa zaidi, kwa sababu maji yanayoingia shimoni nayo ni machafu. Huruhusiwi kuyapampu mtoni. Yanahitaji tangi na matibabu yake.

Swali gumu ni moja: udongo unakwenda wapi? Dampo la Pugu Kinyamwezi ni la taka za mji, si shimo lililotandikwa kwa ajili ya udongo wa betri. Taka hatarishi zinahitaji kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, msafirishaji aliyesajiliwa na mpokeaji anayejulikana. Mkandarasi akikupa bei nzuri mno, mwulize anamwaga wapi, na umwombe akuonyeshe kibali kabla ya kazi na hati ya kupokelewa mzigo baada ya kila safari. Asiyeweza kukuonyesha, mara nyingi anaumwaga usiku kwenye korongo, au anauuza kama kifusi.

Hilo la kifusi linaniuma kuliko yote. Mji huu una maelfu ya watu wa mabondeni wanaonunua kifusi ili kuinua viwanja vyao juu ya mafuriko. Mama wa watu ananunua tipa kwa akiba ya mwaka mzima, anakisambaza mlangoni, wanawe wanacheza juu yake. Uholanzi waliliona jambo hili mwaka 1980 huko Lekkerkerk, mji mdogo kando ya mto Lek. Nyumba zaidi ya 200 zilikuwa zimejengwa juu ya ardhi iliyojazwa taka zenye mapipa ya kemikali, na wakazi wakalazimika kuhama ili udongo uchimbwe. Udongo wako ukiusomba bila kujua unakofika, umempelekea mtu mwingine yadi yako.

Kufunika

Hapa unaacha sumu mahali pake na kuweka kizuizi juu: jamvi la zege, au tabaka la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa juu ya karatasi nene ya plastiki, kisha udongo safi. Ni njia ya haraka, na mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Vumbi linakoma siku hiyo hiyo. Pia si ujanja wa kukwepa kazi kama wengi wanavyodhani, kwani duniani kote viwanja vingi vya zamani vya viwanda vimefunikwa na vinatumika salama. Risasi kwa kawaida hushikamana na mfinyanzi na chuma kilichomo kwenye udongo, haitembei mbali.

Nasema kwa kawaida. Penye betri pana asidi, na asidi ndiyo inayoifungua risasi ikayeyuka na kufuata maji. Kwa hiyo kabla ya kufunika, pima ukali wa asidi ya udongo. Kipimo chenyewe ni rahisi na jibu unalipata siku hiyo hiyo. Kwenye shimo la saba kilisoma pH 4.1, yaani asidi kali. Udongo wa hivyo, hata uufunike vipi, maji ya chini yataendelea kuuosha.

Kisha kuna mto. Anayeujua Msimbazi haitaji kuambiwa kwamba haukai mahali pamoja. Unatoka vilima vya Pugu ukiwa kijito, lakini masika ukijaa unakula kingo zake, nyumba zinaanguka, na ukuta uliokuwa mita kumi kutoka majini mwaka juzi leo umening'inia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Jamvi linazuia mvua inayotoka juu. Halizuii mto unaoingia kwa ubavuni, wala maji ya ardhini yanayopanda wakati wa masika na kushuka kiangazi, yakipita humo humo kwenye uchafu kila mwaka. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi ni hii: upande wa barabara, juu ya usawa wa maji, funika bila wasiwasi. Upande wa mto, usifunike sumu, iondoe.

Sheria nayo inasukuma upande huo huo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yadi nyingi za zamani zimo ndani ya mita hizo. Vilevile kuna Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, ambao tayari umehamisha watu wengi wa Jangwani na maeneo jirani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri, uulize mipaka ya mradi na ya hifadhi ya mto kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji. Nimeona watu wakimwaga zege juu ya eneo ambalo baadaye wasingeruhusiwa hata kuweka banda.

Na kama utafunika, mambo mawili yanasahaulika. Vyumba vya kupangisha vinahitaji choo, na fundi wa shimo la choo hatajali jamvi lako. Atalitoboa, achimbe mita tatu, autupe udongo pembeni watoto wauchezee. Panga mashimo na mabomba kabla ya kufunika, katika sehemu iliyopimwa na kuonekana safi. Pili, iandikwe. Ramani inayoonyesha kilichofunikwa na kina chake ikae pamoja na hati ya kiwanja, ili hata wajukuu wasiotujua wajue walichokalia.

Kuutibu palepale

Ndiyo, habari ya mbolea ni kweli, ila kwa mafuta tu: dizeli, oili, grisi nyepesi. Unaulaza udongo juu ya plastiki nene yenye kingo zilizoinuliwa ili maji yasitoke, unaongeza nitrojeni na fosforasi, unaupa unyevu na hewa, na bakteria ambao tayari wamo humo wanafanya kazi. Uwiano unaotumika sana ni sehemu 100 za kaboni kwa 10 za nitrojeni na 1 ya fosforasi. Pumba za mpunga zinasaidia kuufungua udongo mzito upitishe hewa. Unyevu unaujua kwa mkono ulio ndani ya glavu: ukiufumbata unashikana, ukiukamua haudondoshi maji. Kila wiki moja au mbili unageuzwa.

Kwa hili Dar es Salaam imebarikiwa. Bakteria hawa wanapenda nyuzi 25 hadi 35, na hiyo ndiyo hali yetu karibu mwaka mzima. Kwenye nchi za baridi kazi husimama miezi kadhaa kila mwaka. Dizeli hupungua sana ndani ya miezi michache. Oili nzito ya zamani huchukua mwaka au zaidi na bado hubaki mabaki kama lami, ingawa hayo hayatembei sana.

Tatizo ni nafasi. Mita za ujazo 1,000 ukizitandaza kwa unene wa sentimita 40 unahitaji mita za mraba 2,500, mara mbili na nusu ya yadi yenyewe. Kwa hiyo katika kiwanja kidogo tunapanga malundo ya mita moja na nusu hivi kwenda juu, yenye mabomba yaliyotobolewa ndani kupitisha hewa, na turubai juu. Turubai si pambo. Masika yakiukuta udongo haujafunikwa, mafuta yatashuka mtoni na mbolea yako pia, na umeuchafua mto kwa mikono yako mwenyewe.

Usijaribu njia hii kwa oili ya transfoma za zamani. Baadhi yake ina kemikali za klorini ambazo bakteria hawaziwezi kirahisi, na ni kati ya zile zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza upesi. Viuatilifu vya zamani ni vivyo hivyo. Kule Vikuge, Kibaha, dawa za wadudu zilizokwisha muda ziliachwa shambani tangu miaka ya 1980, na watafiti waliopima udongo miaka mingi baadaye bado waliikuta DDT. Anayekuambia uache tu, muda utasafisha, mwulize kwanza ni sumu gani anayoizungumzia.

Kufunga, na njia nyingine kwa kifupi

Risasi inaweza kufungwa ndani ya udongo. Fosforasi, hata ile ya unga wa mifupa, huungana nayo kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi, na chokaa huondoa asidi. Saruji nayo hutumika, udongo ukawa kama tofali. Hii ni kazi ya maabara kabla ya kuwa kazi ya koleo. Ukizidisha chokaa, risasi inaanza kuyeyuka tena kwa upande wa pili. Kama kuna aseniki, fosforasi inaifukuza iingie majini. Na kama kiwanja kilikuwa cha kusindika ngozi, hakikisha umepima kromi ya aina ya sita, kwa sababu hiyo hutembea vizuri zaidi kwenye chokaa na saruji. Lazima kwanza igeuzwe kuwa kromi ya tatu kwa salfeti ya chuma. Mimi hupenda kufunga kama hatua ya kati: udongo uliofungwa unasafirishwa na kupokelewa kwa usalama zaidi.

Kuosha udongo kunafaa mchanga, kunahitaji mtambo, na mwishoni kunakuachia tope lenye sumu yote. Kwa robo eka sikushauri. Mimea inayonyonya metali inachukua miaka mingi, makumi kwa risasi. Vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, ninaipenda sana, lakini kwa kushika ukingo usimomonyoke. Na chochote kilichoota pale kisiliwe. Tafiti nyingi zimekuta risasi kwenye mboga za bonde hili, mchicha ukiwamo, na bado unauzwa.

Tulichochagua Vingunguti

Tulipata majibu ya maabara mwishoni mwa Machi. Risasi ilikuwa imekaa sehemu moja, upande wa mto, nusu mita kwenda chini. Jumla ilitoka mita za ujazo kama 120, si 1,000. Safari kumi za tipa badala ya 85. Hapo shangazi aliketi chini akacheka kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo hatukuchagua njia moja. Mfuko wa risasi utafungwa kwa fosforasi na chokaa kidogo, uchimbwe, usombwe kwa kibali. Baada ya hapo tutapima sakafu na kuta za shimo kabla ya kujaza, kwa sababu bila kipimo hicho hakuna ajuaye kama umemaliza. Udongo wa oili utapangwa malundo mawili katikati ya yadi. Upande wa barabara, uliokuwa na uchafu kidogo, utawekewa jamvi na hapo ndipo vyumba vitajengwa, vichache kuliko walivyotaka. Ukingo utapandwa vetiva. Mtaalamu aliyesajiliwa aliandaa mpango, ukapelekwa NEMC. Kazi inaanza Juni masika yakiisha, na mfuko wa risasi lazima uwe umetoka kabla vuli haijaanza Oktoba. Tukichelewa, tunasubiri mwaka mwingine. Kisima cha yadi tulikifunga siku ile ile ya majibu, na ndoo yake shangazi akaipasua mwenyewe kwa panga ili asipatikane wa kuirudisha.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye makubaliano yetu. Nyuma ya ukuta, kati ya yadi na maji, kuna mama mmoja analima mchicha na matembele, matuta sita, kwa miaka mingi. Ukuta haukuwahi kuizuia mvua. Nilimwomba ruhusa nikachukua sampuli tano kwenye matuta yake, na ndugu wale wanne wakakubali kulipia vipimo pamoja na vyao. Kwa sasa ameacha kuvuna. Shangazi anampelekea unga kila Jumamosi mpaka majibu yatoke.